Umeme wa taka: mwenye mtaji apime unyevu kwanza

Hesabu ya umeme wa taka huvutia ikisomwa upesi. Malighafi hupatikana bure kila siku, mji unataka kuiondoa, na umeme hauna shida ya mnunuzi. Lakini anayeingiza fedha zake kwa hesabu hiyo anaweza kurudi mikono mitupu, kwani takataka za miji mingi ya nchi zinazoendelea haziwaki kirahisi.

Jiji la Delhi, India, liliuonja uchungu huo. Mwaka 1987 lilijengwa tanuru eneo la Timarpur, kwa mitambo ya kutoka Denmark, la kuchoma tani 300 kwa siku na kutoa megawati 3.75. Tanuru lilihitaji taka zenye joto la kilokalori 1,460 kwa kilo. Zilizoletwa zilikuwa na kati ya 600 na 700. Lilifanya kazi siku 21 tu za majaribio, na mwaka 1990 likafungwa.

Sababu yake mfanyabiashara yeyote wa sokoni anaijua. Maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na mchanga wa kufagia ndiyo hujaza jaa. Karatasi, maboksi na plastiki, ambavyo ndivyo vyenye moto, huokotwa mapema na kuuzwa kwa wanunuzi wa chakavu (nao hulipa taslimu, jambo ambalo halmashauri nyingi haziwezi kujivunia). Benki ya Dunia, katika mwongozo wake wa 1999, ilitaka wastani wa megajuli 7 kwa kilo, usioshuka chini ya 6 katika majira yoyote. Taka za Timarpur hazikufika 3.

Mtambo wa Reppie wa Addis Ababa, uliozinduliwa Agosti 2018, uligharimu takriban dola milioni 120 kwa megawati 25, yaani dola 4,800 kwa kila kilowati. Ulipangiwa tani 1,400 kwa siku. Ukigawa, kila tani hutoa uniti kama 430, mambo yakienda sawa. Hata kwa senti 10 za dola kwa uniti, hizo ni dola 43 kwa tani, kabla ya mishahara, vipuri, kusafisha moshi na riba. Na Ethiopia, yenye umeme nafuu wa maji, si mahali pa kutarajia bei hiyo. Serikali inaweza kuwa na sababu nje ya faida: jaa la Koshe, jirani na mtambo huo, liliporomoka Machi 2017 na kuua watu zaidi ya 110. Mwenye hisa chache hana nafasi hiyo.

China, ambayo taka zake nazo ni mbichi, huzilaza shimoni siku kadhaa zichuje maji. Mwaka 2012 serikali yake iliweka bei ya yuani 0.65 kwa uniti 280 za mwanzo za kila tani, na juu yake miji ikalipa ada ya kupokea taka. Ada hiyo ndiyo nguzo ya biashara yenyewe. Waraka wa kuuza hisa usioeleza nani atailipa, kwa fedha ipi na kwa dhamana gani, wala kuonyesha vipimo vya joto vilivyochukuliwa wakati wa masika, urudishwe kwa mwenyewe.