Istilahi na Ukweli wa Seli: Suala la Enolesi ya Neva

Muundaji wa istilahi za sayansi hukabiliwa na maswali mawili: neno la kigeni lasemaje, na kitu chenyewe kikoje? Aghalabu majibu hulingana. Yanapohitilafiana, Kiswahili hakina budi kufuata kitu, si neno. Mfano mwafaka ni kimeng'enya ambacho jina lake la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, huwa "enolesi mahususi ya neva".

Enolesi, iliyoelezwa na Lohmann na Meyerhof mwaka 1934, huendesha hatua ya tisa kati ya kumi za uvunjaji wa glukosi. Ina aina tatu za vijenzi: alfa, beta na gama. Kijenzi cha gama, kinachotokana na jeni iitwayo ENO2, kilijulikana kwanza kutokana na protini ya ubongo wa ng'ombe iliyochunguzwa na Moore katika miaka ya 1960. Kwa kuwa kilionekana kwa wingi katika seli za neva, kikapewa jina lao.

Utafiti wa baadaye umelitia dosari jina hilo. Jeni imo katika seli za mwili mzima. Linalotofautiana ni udhihirikaji wake, yaani kusomwa kwake hata protini ikaundwa. Kimeng'enya hiki kimo pia katika baadhi ya seli zinazotoa homoni na katika chembe nyekundu za damu. Aidha, huzidi katika uvimbe wa aina kadhaa, ikiwemo saratani ya mapafu ya seli ndogo, ndiyo maana hupimwa katika damu.

Hapa ndipo neno "mahususi" linapopotosha. Chembe nyekundu zikipasuka ndani ya sampuli, kipimo hupanda pasipo uvimbe wowote. Anayeliamini jina ataona ugonjwa usiokuwapo.

Huenda ikadaiwa kwamba kuliacha jina lililozoeleka ni kujitenga na sayansi ya dunia. Hoja hiyo haina mashiko, kwani "enolesi gama" pia ni jina linalotambulika kimataifa, na halidai lisilo kweli. Vilevile, vitabu vitenganishe daima kuwamo kwa jeni na udhihirikaji wake. Lugha inayochanganya mambo hayo mawili haiwezi kumweleza mwanafunzi tofauti iliyopo baina ya tishu nzima na uvimbe.