Magari ya zamani nayo yakaguliwe

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu msamaha wa ukaguzi wa magari ya zamani hapa Uingereza. Tangu Mei 2018, gari lililotimiza miaka 40, na ambalo halijafanyiwa mabadiliko makubwa katika miaka 30 iliyopita, halilazimiki tena kupimwa kila mwaka.

Watetezi wa msamaha huu husema wenye magari hayo huyatunza vizuri na huyaendesha kwa nadra. Ni kweli kwa wengi wao. Lakini gari linalokaa gereji miezi mingi nalo huchakaa. Kutu hula chesisi kutoka ndani, mipira ya breki hukakamaa na kupasuka, na matairi huzeeka hata kama kashata zake bado ni nzima. Nyingi ya kasoro hizo hazionekani kwa urahisi mpaka gari lipandishwe juu na fundi alikague.

Tukumbuke kwamba ukaguzi huu ulipoanza mwaka 1960, ulilenga magari ya miaka 10 na zaidi, na ulipima breki, taa na usukani. Magari makuukuu ndiyo yaliyosababisha uanzishwe.

Msamaha haumwondolei dereva wajibu wa kuwa na gari salama. Faini ya kuendesha gari lililo katika hali ya hatari inaweza kufika pauni 2,500. Ada ya ukaguzi haizidi pauni 55. Naisihi serikali irudishe walau ukaguzi wa breki, usukani, matairi na chesisi. Nanyi wenye magari hayo, yapelekeni kwa hiari yenu. Barabara ni yetu sote.

Msomaji wako,
Leicester, Uingereza