Taa ya miche? Uliza wati!

Washkaji wa Ndanda na Masasi, kuna wanaoniuliza taa ipi ya LED inaotesha bangi chumbani. Hapo mie simo! Sheria ya 2015 haina utani, utazeekea jela. Kwa miche ya nyanya na pilipili, nipo.

Boksi likisema "sawa na wati 100", usizuzuke. Tazama wati inazokula kweli. Balbu mbili nyeupe za wati 9 zinatosha trei ndogo, zikining'inia sentimita 15 juu, saa 16 kwa siku. Uniti moja ya luku inakufikisha siku tatu na ushee. Miche ikirefuka na kulegea, mwanga haufiki: shusha taa. Ikikomaa, izoeshe nje taratibu. Jua letu halidai luku!