Runinga Iliyonyamaza Umeme Uliporudi

Usiku wa Jumatatu umeme ulikatika mtaani kwetu, ukarudi kwa kishindo, na runinga ya sebuleni ikatuandikia kuwa haipati mawimbi. King'amuzi kilikuwa kikiwaka kama kawaida. Mume wangu alikwisha shika simu amwite fundi, nikamwomba subira.

Dada msomaji, usiihukumu runinga kabla ya kuipima. Ichomoe ukutani pamoja na king'amuzi, kwani kuzima kwa rimoti hakutoshi, uviache dakika kumi. Kisha uhamishe waya wa HDMI hadi tundu jingine, na ukumbuke kulichagua tundu hilo kwa rimoti. Wengi husahau hapo. Isipofaa, jaribu waya mwingine, hatimaye king'amuzi chenyewe katika runinga ya jirani. Kwetu tundu la kwanza lilikuwa limekufa, la pili lingali zima. Tukahamia huko, na pesa za fundi zikabaki mkobani. Matundu yote yakifa, huenda ubao mkuu wa ndani umeungua, na hapo fundi hana budi kuitwa.

Umeme wa nyumbani ni volti 240, ila urudipo huweza kupanda ghafla. Kile kifaa tukiitacho gadi husubiri kidogo ndipo kiupitishe. Radi lakini hakiiwezi, nayo huingia hata kwa waya wa dishi. Basi msimu wa masika, chomoa plagi na waya wa dishi kabla ngurumo hazijakaribia. Waya wa HDMI nao usichomekwe vyombo vikiwa vimewaka, jambo ambalo watoto wetu ndio mabingwa wake.