Herekali wa katuni na Bilal wa madrasa



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ndugu msomaji, mada ya wiki hii huenda ikaonekana ndogo mbele ya mambo yanayozijaza ajenda za kamati zetu za misikiti. Hata hivyo, mimi ninayeandika muhtasari wa vikao hivyo nimeona si ndogo hata kidogo. Nayo ni katuni wanazotazama watoto wetu.

Katika likizo ya mwezi wa sita nilikuwa narejea Mbeya kutoka Iringa pamoja na binti yangu wa miaka tisa, baada ya kumjulia hali bibi yake. Tulipoipita Mafinga, runinga ya basi ikawashwa, ikawekwa filamu ya katuni iitwayo Hercules, iliyotolewa na kampuni ya Walt Disney mwaka 1997. Binti yangu, akiwa amejikunyata ndani ya koti kwa ile baridi ya nyanda zetu, hakuondoa macho. Filamu ilipokwisha akaniuliza: "Baba, mbona wale wanawake weusi kazi yao ni kuimba tu?"

Nilicheka, nikamjibu: "Kwa sababu wana sauti nzuri, kama wewe." Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Kwa hiyo mimi siwezi kuwa yule mwenye nguvu?" Kutoka Igawa mpaka Uyole sikuwa na la kumwambia. Nilikuwa nimekwisha kumjibu vibaya, tena kwa mzaha.

Wiki iliyofuata, ustadhi wa madrasa yetu akatueleza kwamba watoto wanaigiza filamu hiyohiyo uani, na kwamba wamemchagua shujaa kwa kumtazama nani mweupe zaidi. Hapo nikaona kuwa jambo hili halikuwa la binti yangu peke yake.

Tuanze kwa insafu, kwani Uislamu unatuamrisha uadilifu hata kwa tusiokubaliana nao. Ngano za Wagiriki wa kale zina viumbe waitwao Muse, mabinti tisa waliodhaniwa kuwa ndio wanaowapa washairi na wanamuziki vipaji vyao. Watengenezaji wa filamu hiyo waliwapunguza wakawa watano, wakawachora kwa sura za wanawake weusi wa Marekani, na wakawapa nyimbo za mtindo wa injili, ule wa kwaya za makanisa ya Wamarekani weusi. Mwanzoni mwa filamu, sauti nzito ya mwanamume inaanza kusimulia, lakini wanawake hao wanamkatiza na kuichukua hadithi mikononi mwao. Hicho si cheo kidogo, maana msimulizi ndiye ajuaye mwanzo na mwisho.

Hata hivyo, msimulizi huyo hana kisa chake mwenyewe. Hatujui anapenda nini, wala anaogopa nini. Shujaa, mchumba wake na watu wa mji wamechorwa kwa sura za kizungu, ilhali mweusi anachomoza kutoka kwenye michoro ya vyungu, anaimba, kisha anatoweka. Mtoto wa miaka tisa aliliona hilo kabla ya baba yake mwenye shahada.

Wapo watakaosema kuwa hadithi ni ya Wagiriki, basi weusi wangetokea wapi? Jibu ni kwamba wamo. Ngano hizo zinamtaja Memnon, mfalme wa Waethiopia, aliyekwenda na jeshi lake kuisaidia Troya. Zinamtaja pia Andromeda, binti wa mfalme wa nchi ileile waliyoiita Aethiopia. Lakini wachoraji wa Ulaya kwa karne nyingi walimchora Andromeda akiwa mweupe, na filamu ya mwaka 1981 iliyosimulia kisa chake ikafanya hivyohivyo. Kwa hiyo rangi ya shujaa si jambo lililoteremka na hadithi. Kuna mtu ameshika kalamu, naye amechagua.

Kuhusu mtindo wa muziki, hukumu ya ala nawaachia masheikh wetu. Ninalotaka kuligusa ni lingine. Mtindo wa injili ulizaliwa katika makanisa ya watu ambao mababu zao walitekwa Afrika na kutumikishwa kwa minyororo, na miongoni mwa mateka hao walikuwamo Waislamu. Mmoja wao ni Omar ibn Said, aliyechukuliwa kutoka Afrika Magharibi mwaka 1807 na kuandika habari za maisha yake kwa Kiarabu mwaka 1831. Hapa Mbeya na Iringa tunaishi na majirani Wakristo, na kwaya zao tunazisikia kila Jumapili. Tunatofautiana nao katika itikadi, lakini tunajua kuwa wao wanaimba kwa ajili ya ibada. Filamu hii imeichukua sauti iliyozaliwa katika ibada na machungu, ikaipa kazi ya kumsifu kijana wa ngano anayeitwa mwana wa miungu. Kwetu sisi tunaosoma Suratul Ikhlas kila siku, hilo halihitaji maelezo. Nadhani hata jirani yetu mwanakwaya angelitafakari mara mbili.

Je, kuazima hadithi ya wageni ni kosa? La. Jina hili lenyewe si geni kwa Waswahili. Mwaka 1728, huko Pate, mshairi Bwana Mwengo alitunga Utendi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo cha Herekali. Herekali huyo ni Kaisari Heraclius wa Roma ya Mashariki, ambaye jina lake linatokana na la shujaa huyohuyo wa Wagiriki. Wazee wetu waliichukua habari ya msafara wa Tabuk na ya mfalme wa mbali, wakaisimulia kwa mizani ya utenzi na kwa lugha yao. Waliazima, lakini kalamu ilibaki mikononi mwao.

Katika kikao cha kamati, mzee mmoja alipendekeza tuwakataze watoto katuni zote. Naiheshimu rai yake, lakini mtoto tunayemfungia nyumbani ataitazama kwa jirani au ndani ya basi, na hapo hatakuwapo wa kumwuliza. Mimi nilipendekeza mambo matatu, na nayaleta mbele yako.

Kwanza, tukae nao. Mzazi atazame pamoja na mwanawe, amwulize: nani anasimulia, nani anatenda, nani anachekwa? Vilevile tuchague. Tangu mwaka 2014 vipo vipindi vya Ubongo Kids, vilivyotengenezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili, ambamo watoto wanaofanana na wetu ndio wanaopiga hesabu na kutatua matatizo.

Pili, tuchunge ndimi zetu. Watoto wa madrasa hawakujifunza kwa katuni pekee kwamba mweupe ndiye bora. Wametusikia sisi tukimsifu bibi harusi kwa weupe, na tukimtania mtoto mchanga kwa weusi wa masikio yake. Abu Dharr (r.a.) alipomtusi mtu kwa mama yake, ambaye wanazuoni wengi husema alikuwa Bilal, Mtume (s.a.w.) alimkemea kwamba bado ana ujahili ndani yake. Suratul Hujurat aya ya 13 imeufunga ubora katika uchamungu, na Suratur Rum aya ya 22 imezihesabu rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara za Allah.

Tatu, tuwasimulie mashujaa wetu, tena kwa ukamilifu. Hapa nakiri kosa la pili. Tulipofika nyumbani nilimsimulia binti yangu kisa cha Bilal bin Rabah (r.a.), na jinsi alivyoadhini juu ya Al-Kaaba siku ya Fat-hi Makka. Akanitazama: "Naye pia kazi yake ilikuwa sauti?"

Subhanallah! Nilikuwa nimemfanyia Bilal kama filamu ilivyowafanyia wale wanawake. Nikaanza upya. Nikamweleza jiwe lililowekwa kifuani pake katika mchanga wa moto, naye asirudi nyuma. Nikamweleza Badr, alipokutana uso kwa uso na Umayya bin Khalaf aliyekuwa akimtesa. Adhana nikaiweka mwisho, na nikamweleza kuwa sauti ile haikuwa ya kumsindikiza shujaa, bali ya kuwaita Maquraishi na Waarabu wote wasimame safu moja.

Akasema: "Basi huyo ndiye mwenye nguvu."

Ndugu mzazi, wewe umemsimulia nani usiku wa jana? Wabillahi tawfiq.