Saa Sabini na Mbili

Toleo hili zima tumelipa gemu moja, na wapo watakaouliza kwa nini Majora's Mask, wala si Ocarina of Time ya 1998, ambayo wapenzi wengi wa Zelda huiona ndiyo kilele cha mfululizo huo. Majora's Mask ilitoka Japani Aprili 2000, imeundwa haraka, injini ni ileile, sura za watu ni zilezile, na mahekalu yake makuu ni manne tu. Wanaoiita makombo ya mtangulizi wake wana pa kushikia. Lakini sura hizo za kuazima ndizo zinazosisimua mwili: Link, shujaa wa gemu, anaingia nchi ya Termina, anakutana na nyuso alizozizoea, na hakuna hata mmoja anayemjua.

Giza la gemu hii watu hulitafuta kwenye ule mwezi uliokenua meno, unaoushukia mji wa Clock Town. Kwangu mimi giza limo kwenye saa. Baada ya siku tatu mwezi unaanguka. Link asipoweza kuuzuia, hupiga okarina akarudi asubuhi ya siku ya kwanza, na wema wote aliowatendea watu ukafutika. Siku ya tatu tarishi anagaagaa chumbani, anatamani kukimbia, ila ratiba yake haimruhusu. Shambani, Cremia anamwambia mdogo wake Romani kwamba usiku huu watalala pamoja, hamwelezi sababu. Ukisema haya si ya watoto, nitakujibu kwamba watoto huijua sauti ya mkubwa anayeficha jambo.

Pingamizi zito zaidi ni hili: muda ukirudishwa, hasara iko wapi? Hoja hiyo ingesimama kama mchezaji naye angesahau. Mtazame Anju, anayemngoja mchumba wake Kafei, aliyegeuzwa mtoto na kujificha kwa aibu. Kuwakutanisha kunakula siku zote tatu, barua baada ya barua, na ukikosea saa moja umeharibu yote. Kafei anafika usiku wa mwisho, mwezi umeshaziba anga, na wanachagua kuungoja pamoja. Link anaondoka na kinyago chao cha ndoa, anapiga okarina. Asubuhi Anju yuko tena pale kwenye nyumba ya wageni, peke yake, anampokea kama mgeni yeyote, na kinyago kimo mkobani.