KONA YA MWALIMU: Noti za Noeli kwa matarumbeta

Noeli inakaribia, na swali ni lile lile: noti za matarumbeta tutazipata wapi? Wengi wetu tunapiga kwa kichwa tu. Siyo vibaya. Lakini mpiga besi akipata safari ya kwenda Marekani, anaondoka na besi yake yote kichwani, na wanaobaki wanaanza upya. Basi mwezi huu tuongelee karatasi.

Kwanza, msihangaike kutafuta kitabu cha matarumbeta peke yake. Kitabu cha nyimbo chenye noti za sauti nne kinatosha. Soprano ipigwe na tarumbeta ya kwanza, alto na ya pili, tenor na trombon, besi na trombon nyingine au tuba. Muulizeni mwalimu wa kwaya, mara nyingi anacho.

Pili, angalieni jambo hili. Tarumbeta nyingi ni za B-bemoli: mpigaji akisoma C, inayosikika ni B-bemoli, yaani chini kwa sauti moja nzima. Trombon inayosoma ufunguo wa besi inatoa kile kile kilichoandikwa. Ndiyo maana kikundi kinaweza kusoma ukurasa mmoja, kila mtu akapiga sawasawa, na bado masikio yakaumia! Dawa yake ni kunakili sehemu za tarumbeta juu kwa sauti moja nzima. Wimbo ukiwa katika F, tarumbeta waandikiwe katika G, trombon wabaki katika F.

Wanaojua solfa wana kazi nyepesi zaidi. D, r, m ni zile zile kwa wote, kila mmoja aambiwe tu do yake iko wapi. Katika wimbo huo, do ya trombon ni F, ya tarumbeta ni G. Basi.

Tatu, mwenye simu yenye intaneti atafute maktaba ya IMSLP, iliyoanzishwa mwaka 2006. Ina noti nyingi za zamani za kuchukua bure. Wimbo wa «Usiku Mtakatifu», ambao Franz Gruber aliutungia sauti huko Austria mwaka 1818, hauna tena mwenye haki. Lakini mpangilio mpya wa mtu aliye hai ni mali yake, tumwombe ruhusa.

Ndugu vijana, nakilini kwa kalamu ya wino, nakala mbili mbili. Moja ya mpigaji, nyingine ibaki kwenye faili ya kikundi. Na wazazi, mtoto akiomba daftari moja la ziada, msimkatalie. Siku kaka yake akisafiri, mdogo mtu atachukua tarumbeta, na wimbo utaendelea.

Mpaka mwezi ujao, tubaki salama.